Unguja au Mombasa: mwandishi mwenye mwezi mmoja aende wapi?

Kahawa ni ileile. Buli la shaba juu ya makaa, kikombe kidogo kisicho na mkono, kashata pembeni. Unguja wanaiita kahawa chungu, Mombasa kahawa tungu, na aliyezoea moja akionja nyingine atakuapia kwamba ladha si sawa. Uongo huo nimeusikia pande zote mbili, na siku hizi nausema mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye kama nilivyokuwa mimi: ana mswada wa riwaya, ana likizo ya mwezi mmoja, ana akiba ya kubana, na anataka mji wa jua wa pwani ambako atafanya kazi nusu ya siku na nusu nyingine azurure. Nimekaa mwezi Mji Mkongwe wa Zanzibar, na mwezi mwingine Mji wa Kale wa Mombasa. Tangu nirudi Morogoro naulizwa upi bora. Siwezi kujibu mpaka uniambie mambo mawili: mswada wako umefika wapi, na wewe huamka saa ngapi.

Jua linatokea wapi, linazamia wapi

Tuanze na saa ya kuamka, kwa sababu ndiyo iliyonipangia mengine yote. Mji Mkongwe umekaa upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Mji wa Kale wa Mombasa uko upande wa mashariki wa kisiwa chake, unatazama bandari ya zamani ya majahazi, na ng'ambo ya maji ni Nyali. Kwa hiyo Unguja jua linazama baharini mbele ya macho yako, na Mombasa linachomoza ng'ambo ya maji na kukupiga usoni kabla hujanawa.

Unguja siku nzima inaelekea saa kumi na mbili jioni. Ikishagonga kumi na moja mji unaanza kuteremkia Forodhani, bustani ya ufukweni: wazee na bakora zao, akina mama na watoto, wachumba wanaojifanya hawajuani. Vijana wanapanga foleni, wanakimbia kutoka mbali na kujirusha baharini kutoka ukutani, kila mmoja na mbwembwe zake. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akiruka na kofia kichwani, ameishika kwa mkono mmoja, na kila alipoibuka aliibuka nayo, akaiweka sawa kabla ya kuogelea kurudi ngazini. Nilimtazama majuma matatu. Siku aliyoikosa kofia yake, umati wote ulisikitika pamoja naye. Jua likishatumbukia, adhana ya magharibi ikapita, taa za wauzaji zinawaka: mishkaki, pweza, juisi ya miwa inayokamuliwa na tangawizi na ndimu. Nani atarudi chumbani kuandika? Mimi sikurudi hata siku moja. Kufikia saa tisa mchana kalamu ilikuwa mkononi lakini akili imeshatangulia Forodhani.

Mombasa mambo yaligeuka. Adhana ya alfajiri iliniamsha, na kulipopambazuka nilikuwa nimeshakaa dirishani, mwanga unapanda kutoka majini, mashua moja mbili zinatoka, na uchochoroni hakuna sauti ila ufagio. Jua lilipoanza kuuma, saa nne hivi, nilikuwa na kurasa tatu. Jioni yenyewe, ndani ya Mji wa Kale, haina sherehe. Jua linajificha nyuma ya majumba na kuzamia upande wa bara bila kuaga.

Sasa jipime. Kama wewe ni mtu wa alfajiri, Mombasa itakubeba. Kama maneno yako hayaamki kabla ya saa tatu, na unahitaji kitu cha kukutoa nyumbani jioni ili usipate wazimu, nenda Unguja.

Kuhusu majira, miji hii haitofautiani sana. Masika, hasa Aprili na Mei, achana nayo. Vichochoro vinageuka mifereji na nguo hazikauki. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, ni joto la kukaa na taulo shingoni. Kusi ikishatulia, Juni mpaka Septemba, upepo unaingia ndani na karatasi zinahitaji jiwe juu yake. Hapo ndipo pa kuandikia.

Mji unaokutazama na mji usio na muda nawe

Hii ndiyo tofauti niliyochelewa kuiona, na ndiyo ningeipa uzito kuliko zote.

Mji Mkongwe umezoea wageni kiasi kwamba kila uso usiojulikana ni mgeni mpaka uthibitishe vingine. UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na watalii ndio mkate wa mji. Ukikatiza mtaa wa Shangani na mkoba wako, papasi, wale madalali wa watalii, watakufuata. Neno lenyewe ni la mdudu, kupe anayenyonya, na anayepewa jina hilo analijua na halimsumbui. Mimi ni mweusi kama wao, nasema Kiswahili, na bado wiki ya kwanza niliuziwa ziara ya viungo mara tisa. Dawa ni kusalimia kwanza, tena kwa utaratibu, kuanzia shikamoo kwa aliyekuzidi mpaka habari za nyumbani. Papasi hana la kufanya na mtu aliyemuulizia mamake.

Lakini kutazamwa huko kuna faida kwa mwandishi. Unapotazamwa unaruhusiwa nawe kutazama. Pale Jaws Corner, ile njia panda ya vichochoro yenye mabaraza ya kahawa, kuna simu ya mezani imepigiliwa juu na maandishi kwamba kupiga nje ya nchi ni bure. Simu haina waya wa kwenda popote. Wazee wanacheza bao, vijana wanacheza dhumna, siasa inachambuliwa mpaka mifupa, na mgeni akikaa na daftari hakuna anayeshangaa. Wageni kazi yao kuandika vitu. Nilipata mazungumzo pale ambayo nusu yake yamo kwenye riwaya, majina nimebadili.

Mombasa ni bandari ya nchi nzima na zaidi, kaunti yenye watu milioni 1.2 kwa sensa ya 2019. Ina shughuli zake. Tuktuk, makontena, matatu, ofisi, shule. Ukitokea hapo na mswada wako hakuna anayekufuata, wala anayekuuliza. Siku kumi za mwanzo niliona upweke wa ajabu, kisha nikagundua kwamba nilikuwa nafanya kazi. Mji haukunitaka kitu.

Nikiwa mwanamke niongeze hili, maana wanaume wanaoandika kuhusu miji hii hulisahau: baraza ni la wanaume. Unguja nilikaa kwa tiketi ya ugeni. Mombasa, palipo baraza la mtaa ambalo kila mmoja ni mjomba wa mwenzake, sikufukuzwa, ila mazungumzo yalibadilika nilipokaribia, yakawa ya hali ya hewa. Mlango wangu ulikuwa mwingine, nitaufikia.

Matembezi ya mchana

Hapa Mombasa inashinda, na sababu ni moja: Fort Jesus.

Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 na kuitwaa mwishoni mwa 1698, baada ya karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi ndani ya kuta. Waingereza waliifanya gereza. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 nayo imo katika orodha ya UNESCO. Hayo utayasoma getini. Lililonifanya nirudi mara nne ni michoro. Walinzi wa Kireno, wakiwa na zamu ndefu na bahari tupu mbele yao, walichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, makanisa, watu, samaki. Si kazi ya fundi. Ni mikono ya watu waliochoka kungoja, na mistari mingine imerudiwa mara mbili kana kwamba aliyechora hakuridhika na tanga. Nilisimama hapo muda mrefu nikimfikiria askari yule asiye na jina anayesahihisha tanga lake. Kiingilio kina viwango tofauti kwa raia wa Kenya, kwa wakazi wa Afrika Mashariki na kwa wageni wengine, kwa hiyo Mtanzania asiache kitambulisho nyumbani.

Unguja mambo ya mchana yana walakini. Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883 na ambalo kila kadi ya posta inalo, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Usijenge safari yako juu yake. Linalobaki, na ni kubwa, ni kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Nenda asubuhi, nenda peke yako, na usipange kuandika kitu kingine siku hiyo. Na kwa anayeandika riwaya ya kihistoria kuna Nyaraka za Taifa kule Kilimani, zenye karatasi za Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza za enzi za masultani na za wakoloni. Ulizia kibali kabla hujafunga safari. Kama mswada wako unategemea nyaraka, basi ulinganisho huu umeshakwisha: ni Unguja.

Mombasa ina jambo jingine la mchana ambalo halimo kwenye vitabu vya wageni, nalo ni kivuko cha Likoni. Kwa mtembea kwa miguu ni bure. Kengele inalia, geti linafunguliwa, na watu wanamwagika kuteremka kama gunia lililopasuka: wafanyakazi, wanafunzi, mtu na godoro kichwani, mtu na kuku kwapani. Dakika chache juu ya maji, upepo, meli ya makontena inapita karibu mpaka shingo inauma kwa kuitazama, kisha watu wanamwagika upande wa pili. Nilikuwa navuka na kurudi bila safari yoyote, jioni mbili tatu kwa juma. Mazungumzo mafupi ya riwaya, yale ya watu wasiojuana waliobanana, nimejifunza pale kuliko darasa lolote.

Jumapili malizia Mama Ngina, ile njia ya pwani iliyokarabatiwa mwaka 2019, chini ya mibuyu. Muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu, dafu, meli zikiingia. Hakuna cha kujifunza hapo. Pumzika tu.

Matembezi ya usiku

Usiku ni wa Unguja, sitalizungusha hilo. Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno, haina mengi ya kuona mchana. Nguvu yake ni jukwaa la wazi ndani ya kuta. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Februari na limezoea kukaa hapo. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, lipo tangu 1998, na kutazama filamu na popo wakikatiza kwenye mwanga wa projekta ni jambo ambalo ukumbi wenye kiyoyozi hauwezi kukupa. Lakini jihadhari: juma la tamasha hutaandika neno. Vyumba vinapanda bei, muziki unavuka saa sita, na rafiki wapya hawalali. Nilifika tarehe za Busara kwa kutojua, nikapoteza siku sita na sijuti zaidi ya nne.

Kuna usiku wa kimya zaidi nao ndio ninaoupenda. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha tangu 1905, na Culture Musical Club, cha 1958, ni vyama vya watu wa mji wenye kazi zao za mchana. Ukibahatika ukaruhusiwa kukaa pembeni wakati wa mazoezi, utasikia mstari mmoja wa fidla ukirudiwa mara ishirini, mzee wa qanuni akitikisa kichwa kwamba bado. Mimi huandika sentensi namna hiyo hiyo, ila sina mzee.

Taarab ya Mombasa, ile ya akina Juma Bhalo na Zein l'Abdin, ilikuwa na jukwaa lake kubwa kwenye harusi, na harusi haina tiketi. Hapa ndipo mlango wangu ulipofunguka. Mama mwenye nyumba alinihesabu siku tano nikila mkate mkavu dirishani, ya sita akapiga hodi. "Ndoo ule, mwanangu, usikae na ndaa." Juma lililofuata alinichukua kwenye kupamba kwa binti wa jirani. Mlangoni simu zilikusanywa kapuni, zote, hakuna picha. Ndani mabuibui yalivuliwa na ukumbi ukawaka: dhahabu, hariri, asumini, udi unaofukizwa mpaka macho yanalia, bi harusi amekaa juu kama sanamu na hina mpaka kwenye viwiko. Wanawake walikwenda kutuza kwa madaha, noti moja moja, na kila beti lililoimbwa kuna aliyejua limemlenga nani. Sikuwa na daftari. Nilirudi nyumbani saa saba usiku nikiyarudia kimoyomoyo njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mwanaume hataiona hiyo. Na huwezi kuipanga. Labda itakuja, labda mwezi utaisha. Ukitaka usiku wa uhakika Mombasa, vijana wa Swahilipot, kituo cha sanaa na teknolojia karibu na Fort Jesus, huwa na mashairi ya jukwaani na muziki. Wengine moto, wengine bado wanajaribu.

Kiswahili chenyewe

Mwandishi wa Kiswahili anakwenda pwani kusikiliza, hata akijidanganya kwamba anakwenda kupumzika. Historia ilitufanyia mzaha hapa. Mkutano ulioamua kwamba Kiswahili sanifu kitokane na Kiunguja ulifanyika Mombasa, mwaka 1928. Mwaka huohuo Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Unguja ikasambaa kwa njia ambayo kamati isingeweza.

Matokeo kwa sikio la mtu wa bara ni haya. Unguja utasikia lugha uliyofundishwa shuleni, lakini ikiwa hai, na utani, kejeli na mikato ambayo kamusi haikuiokota. Utajiona kama mtu aliyekuwa akisoma nota na leo kasikia wimbo. Mombasa utasikia Kimvita, lugha ya mshairi Muyaka bin Haji aliyetunga hapo miaka mia mbili iliyopita: macho ni mato, njia ni ndia, mchele ni mtele, njaa ni ile ndaa ya mama mwenye nyumba. Mara ya kwanza unadhani wamekosea. Mara ya kumi unaanza kushuku kwamba uliyekosea ni wewe.

Wenyeji wa Mombasa, wakisikia lafudhi yangu, walinisifu: "Kiswahili chenu Watanzania kizuri." Kisha wakanisahihisha.

Kwa anayetaka kunyoosha lugha ya mswada, Unguja. Kwa anayetaka kuitikisa, Mombasa. Mimi mazungumzo yangu yote yalikuwa yamekaa kama barua za ofisi, na Kimvita ndicho kilichoyafungua vifungo.

Tumbo, chumba na mfuko

Tumbo lisikuumize kichwa. Unguja kunywa urojo, wenye bhajia, kachori, viazi, chatne na chipsi za muhogo juu, asubuhi au jioni. Mombasa amka na mahamri na mbaazi za nazi. Wa mahamri atakuwa mzito saa tano. Mimi nilikula nusu na kuacha nusu ya chai ya jioni.

Chumba ndicho cha kuchunguza. Unguja niliahidiwa "chumba chenye dawati" na nikakuta meza ya kujipambia, kioo kikubwa mbele. Nilijitazama nikiandika siku mbili, siku ya tatu nikakifunika kioo kwa kanga kama nyumba yenye msiba. Kuta za mawe ni nene, zinazuia joto na zinazuia mtandao vilevile. Kwangu hiyo ilikuwa neema, kwa mwenye mhariri anayepiga simu ni balaa. Mombasa chumba kilikuwa cha kawaida, feni inalia, mtandao unapatikana, na kelele za tuktuk zinaanza saa moja.

Kwa jumla Unguja itakula akiba yako haraka zaidi, hasa ukikaa upande wa Shangani ambako bei huandikwa kwa dola. Ukisogea Darajani na kuvuka kwenda Michenzani unarudi kwenye shilingi. Kutoka Dar boti ni kama saa mbili, jambo linalofanya wenye haraka waichague bila kufikiri. Mombasa kutoka Tanzania ni safari ya basi ya siku nzima na mpaka katikati. Anayetoka Nairobi ana treni tangu 2017, kwake hesabu inageuka.

Ramadhani iweke mbali na hesabu hizi. Miji yote miwili mchana inalala na usiku inaishi, na kama unaweza kuandika baada ya tarawehe, utapata mwezi usiofanana na mwingine. Kama huwezi bila chai ya saa nne, subiri Shawwal.

Mimi nafanyaje

Unguja nilikwenda na wazo tu na nikarudi na daftari tatu zimejaa, bila sura hata moja iliyokamilika. Mombasa nilikwenda na daftari hizo na nikarudi na sura kumi na moja. Ningezipanga kinyume, nadhani ningekaa dirishani Mombasa bila kitu cha kuandika na Forodhani bila nguvu ya kuandika nilicho nacho.

Mswada wa pili sasa una kurasa arobaini na haujui unakokwenda, kwa hiyo Januari napanda boti, kabla Busara haijaanza. Mama wa Mombasa nimeshampigia simu kuulizia chumba cha Agosti. Amesema dirisha la mashariki lina mpangaji, mwanafunzi, ila atamhamisha.